Kiarabu kwa wanadiplomasia

Kiarabu kwa wanadiplomasia ni mafunzo ya lugha ya Kiarabu na ya utamaduni wa Waarabu yanayotolewa kwa mabalozi, makonseli, maofisa wa wizara za mambo ya nje na watumishi wengine wanaopelekwa kufanya kazi katika nchi za Kiarabu au katika mashirika ya kimataifa.

Mafunzo hayo ni tofauti na yale ya madrasa, ambako lengo la kwanza ni kusoma Kurani na vitabu vya dini. Ni tofauti pia na yale ya wasafiri, ambao hutosheka na maneno machache ya sokoni na hotelini. Mwanadiplomasia anatakiwa kusoma magazeti na barua rasmi, kufuatilia hotuba, kuzungumza na mawaziri na vilevile na watu wa kawaida, na kutambua jambo ambalo mwenyeji wake hakulitamka waziwazi. Kwa sababu hiyo hujifunza karibu lugha mbili kwa pamoja: Kiarabu sanifu cha maandishi na lahaja ya nchi anakokwenda.

Umuhimu wa Kiarabu katika diplomasia

Jumuiya ya Nchi za Kiarabu iliundwa mjini Kairo tarehe 22 Machi 1945, na leo ina nchi wanachama 22. Kati ya hizo zimo nchi za Afrika ya Mashariki na za jirani: Sudani, Somalia, Jibuti na Komori.

Tarehe 18 Desemba 1973 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulikubali Kiarabu kuwa lugha yake rasmi ya sita, pamoja na Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Baraza la Usalama lilifuata mwaka 1982. Tarehe 18 Desemba huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Lugha ya Kiarabu.

Katika Umoja wa Afrika, Kiarabu ni mojawapo ya lugha za kazi tangu enzi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kiswahili kilipewa hadhi hiyo mwaka 2022.

Mikataba kadhaa ya kimataifa ina nakala ya Kiarabu yenye nguvu ya kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 ni mfano mmojawapo. Mkataba wa amani kati ya Misri na Israeli wa mwaka 1979 uliandikwa kwa Kiarabu, Kiebrania na Kiingereza, na nakala zote tatu ni halali sawasawa; hata hivyo pande mbili zilikubaliana kwamba tofauti ya tafsiri ikitokea, nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Kifungu hicho kinaonyesha jinsi wanadiplomasia wanavyoogopa neno moja kusomwa kwa namna mbili.

Historia

Wakati wa wakalimani

Kwa karne nyingi wajumbe wa Ulaya katika Milki ya Osmani walitegemea wakalimani walioitwa dragomani. Neno hilo limetokana na Kiarabu tarjuman (mkalimani), lenye asili moja na neno la Kiswahili tarjuma. Mara nyingi dragomani alikuwa mwenyeji aliyeishi chini ya mamlaka ileile ambayo balozi alikuja kujadiliana nayo. Balozi asiyejua lugha hakuwa na njia ya kuhakikisha kama maneno yake yalifikishwa jinsi alivyoyasema, au kama mkalimani aliyapunguza makali kwa kuhofia usalama wake.

Ili kuepa utegemezi huo, serikali zilianza kusomesha vijana wao wenyewe. Venisi iliamua mwaka 1551 kupeleka vijana Istanbul wakajifunze lugha za huko. Ufaransa ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1669, wakati wa waziri Colbert. Mjini Vienna Malkia Maria Theresia alianzisha chuo cha lugha za Mashariki mwaka 1754, na mjini Paris shule ya lugha hai za Mashariki ilifunguliwa mwaka 1795. Lugha zilizofundishwa hasa ni Kituruki, Kiajemi na Kiarabu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki Kiarabu kilikuwa lugha ya barua za watawala. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskat na Zanzibar, alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, iliyowakilishwa na Edmund Roberts. Mkataba huo uliandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza.

Shule ya Shemlan

Shule mashuhuri ya Kiarabu kwa wanadiplomasia katika karne ya 20 ilikuwa ile ya Uingereza iliyojulikana kwa kifupi MECAS, yaani Kituo cha Mashariki ya Kati cha Masomo ya Kiarabu. Ilianzishwa mjini Yerusalemu mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Bertram Thomas, ambaye mwaka 1930-1931 alivuka jangwa la Rub al Khali, Mzungu wa kwanza anayejulikana kufanya hivyo. Mmoja wa walimu wa mwanzo alikuwa Abba Eban, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Israeli.

Mwaka 1947 shule ilihamia Shemlan, kijiji cha milimani nchini Lebanoni, juu ya jiji la Beirut. Pamoja na wanadiplomasia walisoma hapo maofisa wa jeshi na wafanyakazi wa makampuni ya mafuta na mabenki. Wanafunzi walikariri orodha ndefu ya maneno yaliyoteuliwa kwa kazi zao, wakasoma habari za magazeti, kisha wakapelekwa kwa muda kuishi peke yao mahali ambapo hawakuwa na mtu wa kusema naye Kiingereza. Utaratibu huo ulisifiwa na waliosoma hapo, kwa kuwa ndio uliowalazimisha kutoka kwenye kitabu na kuanza kuongea.

Hata hivyo Walebanoni wengi waliiita "shule ya majasusi". Mwanasiasa Kamal Jumblatt alikuwa kati ya waliosema hivyo hadharani. Tuhuma hizo zilipata nguvu mwaka 1961, wakati George Blake, ofisa wa idara ya ujasusi ya Uingereza aliyekuwa akisoma Shemlan, alipoitwa London na kukutwa na hatia ya kuifanyia kazi Urusi ya Kisovyeti. Alihukumiwa kifungo cha miaka 42, akatoroka gerezani mwaka 1966. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Lebanoni mwaka 1975 vilifanya masomo yasiwezekane, na shule ilifungwa moja kwa moja mwaka 1978.

Marekani

Taasisi ya Mafunzo ya Utumishi wa Nje ya Marekani ilianzishwa mwaka 1947. Iliendesha shule ya Kiarabu mjini Beirut, ambayo kwa sababu ya vita hivyohivyo ilihamishiwa Tunis mwaka 1975. Mwanaisimu Charles Ferguson, aliyefanya kazi katika taasisi hiyo, alichapisha mwaka 1959 makala kuhusu hali ya jamii kutumia aina mbili za lugha moja, ya juu na ya chini, kila moja mahali pake. Kiarabu kilikuwa mfano wake mmojawapo, na wazo hilo limeathiri ufundishaji wa Kiarabu hadi leo.

Kiarabu sanifu na lahaja

Kiarabu sanifu huitwa al-fusha (الفصحى). Ndicho kinachoandikwa magazetini, kinachosomwa katika taarifa ya habari na kutumika katika hotuba na hati za serikali, kuanzia Moroko hadi Omani. Hakuna Mwarabu anayekipata kwa mama yake, hufundishwa shuleni. Nyumbani, sokoni na hata ofisini watu huongea lahaja, yaani al-ammiya (العامية), na lahaja hizo hutofautiana sana. Mfano ni maneno mawili ya kila siku:

- "Nataka": sanifu uridu, Misri awiz, Lebanoni na Shamu biddi, nchi za Ghuba abgha au abi, Moroko bghit.
- "Sasa": sanifu al-an, Misri dilwa'ti, Lebanoni na Shamu halla', nchi za Ghuba al-hin, Moroko daba.

Mgeni aliyejifunza sanifu pekee ataweza kusoma gazeti asubuhi, lakini jioni hatafuata mazungumzo ya mezani. Akiongea, ataeleweka, ila atasikika kama mtu anayesoma kitabu kwa sauti. Aliyejifunza lahaja pekee atapendwa sokoni, lakini hawezi kusoma barua ya wizara, na akihamishwa kutoka Kairo kwenda Rabat itambidi aanze karibu upya.

Vyuo vimejibu tatizo hili kwa njia tatu. Baadhi huanza na sanifu, kisha huongeza lahaja karibu na safari. Vingine huanza na lahaja ili mwanafunzi aongee mapema, kama mtoto anavyojifunza. Vingine hufundisha zote mbili tangu wiki ya kwanza, kila moja katika kipindi chake. Kwa mwanadiplomasia asiyejua atapelekwa nchi gani, lahaja ya Misri au ya Shamu huchaguliwa mara nyingi, kwa kuwa filamu, nyimbo na tamthilia zimezifanya zisikike mbali. Wasomi wa nchi mbalimbali wanapokutana huongea namna ya katikati: msamiati wa sanifu na sarufi iliyorahisishwa, huku kila mmoja akiacha maneno ya kwao yasiyoeleweka na wenzake.

Masomo ya mwanzo

Sauti

Baadhi ya konsonanti za Kiarabu hazimo katika lugha nyingi, k.m. ain (ع), ha nzito (ح) na qaf (ق). Kuzichanganya kunaweza kubadili maana: qalb ni moyo, kumbe kalb ni mbwa. Vilevile kuna s, t, d na dh za kawaida, na zile zinazotamkwa kwa kukaza ulimi.

Maandishi

Alfabeti ina herufi 28 na huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi nyingi hubadilika umbo kulingana na mahali pake katika neno. Kwa kawaida irabu fupi haziandikwi, hivyo msomaji hana budi kulijua neno, au angalau aina yake, kabla ya kulitamka. Tarakimu huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia. Nchi za mashariki hutumia tarakimu zenye umbo la pekee, ambapo sifuri ni nukta (٠) na tano ni kama duara (٥). Mgeni asiyezoea huweza kusoma 50 badala ya 500, au kudhani tano ni sifuri. Nchi za Maghrebi hutumia tarakimu zilezile za Ulaya.

Mizizi ya maneno

Maneno mengi hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu. Kutoka s-f-r hupatikana safar (safari), musafir (msafiri), safir (balozi) na sifara (ubalozi). Wingi wa nomino mara nyingi hupatikana kwa kubadilisha neno ndani yake: safir huwa sufara', wazir (waziri) huwa wuzara'. Mwanafunzi akishatambua utaratibu huu, anaweza kukisia maana ya maneno ambayo hajawahi kuyaona, na kutumia kamusi, kwa sababu kamusi nyingi za Kiarabu hupangwa kwa mizizi.

Tarehe

Majina ya miezi hayalingani kila mahali. Januari ni yanayir nchini Misri, kanun ath-thani huko Lebanoni, Shamu, Yordani na Iraki, na janfi huko Tunisia na Aljeria. Zaidi ya hayo kuna kalenda ya Hijria, ambayo mwaka wake ni mfupi kuliko ule wa jua kwa siku kama 11. Barua rasmi mara nyingi huwa na tarehe za kalenda zote mbili.

Muda unaohitajika na ngazi za ujuzi

Marekani hupima ujuzi wa lugha kwa kipimo cha 0 hadi 5. Ngazi ya 3 ni ya mtu anayeweza kufanya kazi yake kwa lugha hiyo, na ngazi ya 5 ni ya msomi mzawa. Kwa kawaida shabaha ya mafunzo kamili ni ngazi ya 3 katika kuongea na katika kusoma.

Kwa msemaji wa Kiingereza, taasisi ya Marekani hukadiria wiki 36 za masomo ya kutwa ili kufikia ngazi hiyo kwa Kiswahili. Kwa Kiarabu hukadiria wiki 88, sawa na saa 2,200 za darasani, kama ilivyo kwa Kichina, Kijapani na Kikorea. Kwa kawaida mwaka wa pili hufanyika katika nchi inayotumia lugha hiyo.

Kozi ya utangulizi ya miezi michache haiwezi basi kumfanya mtu ajadili mkataba. Inaweza kumpa maandishi, salamu, hesabu, majina ya vyeo, uwezo wa kujitambulisha na kusoma vichwa vya habari, pamoja na adabu za kuanzia. Faida yake nyingine ni kumwezesha kumsikiliza mkalimani kwa makini: hata asipoelewa yote, atatambua kama jina, tarakimu au neno "hapana" limerukwa.

Utamaduni na adabu

Salamu na vyeo

Salamu za Kiarabu zina jozi za maneno. As-salamu alaykum hujibiwa wa alaykum as-salam, na sabah al-khayr (asubuhi ya heri) hujibiwa sabah an-nur (asubuhi ya nuru). Maswali kuhusu hali na afya huweza kurudiwa mara kadhaa kabla ya shughuli kuanza, na anayeyakatiza huonekana hana malezi. Katika nchi za Ghuba mwanamume huulizwa hali ya familia au watu wa nyumbani, si ya mke wake kwa jina. Mwanamume mgeni husubiri mwanamke anyoshe mkono kwanza kabla ya kumpa wake.

Kila cheo kina neno lake la heshima: jalala kwa mfalme, fakhama kwa rais wa jamhuri, sumuw kwa mwanamfalme, ma'ali kwa waziri na sa'ada kwa balozi. Kukosea neno hilo katika barua ni kumshusha au kumpandisha mtu mbele ya wenzake.

Kahawa na majlisi

Katika nchi za Ghuba mgeni hupewa kahawa katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Hupokelewa kwa mkono wa kulia. Anayetosheka hutikisa kikombe kidogo anapokirudisha, la sivyo mhudumu ataendelea kukijaza. Kahawa hiyo, na pia majlis, yaani chumba au mahali pa kupokea wageni na kuzungumza mambo ya jamii, viliingizwa mwaka 2015 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Omani, Qatar na Saudia. Mambo mengi huandaliwa katika majlisi kabla ya kufika mezani pa mkutano rasmi.

Maneno ya kuchunga

In sha' Allah (Mungu akipenda) husemwa na Waislamu na hata Wakristo. Inaweza kuwa ahadi ya kweli, tumaini, au njia ya upole ya kukataa bila kumwaibisha mwombaji. Kinachotofautisha ni sauti, uso na yanayofuata, si maneno yenyewe. Mwanadiplomasia anayeripoti makao makuu kwamba "wamekubali" kwa sababu tu alisikia neno hilo huenda ameandika kosa.

Majina ya mahali pia yana siasa. Bahari ambayo vitabu vya Kiswahili huiita Ghuba ya Uajemi, Waarabu huiita al-Khalij al-Arabi, yaani Ghuba ya Kiarabu, na kila upande huchukia jina la upande wa pili. Wengi huepa ugomvi kwa kusema "Ghuba" tu.

Siku za kazi hutofautiana. Nchi nyingi za Kiarabu hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Saudia ilihamia siku hizo mwaka 2013. Falme za Kiarabu tangu Januari 2022 hufanya kazi nusu siku Ijumaa na kupumzika Jumamosi na Jumapili, siku ambazo ndizo za mapumziko pia katika Lebanoni, Tunisia na Moroko. Wakati wa Ramadhani saa za kazi hupunguzwa.

Wasemaji wa Kiswahili na Kiarabu

Msemaji wa Kiswahili huanza na akiba kubwa. Hesabu kama sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu, maneno kama waziri, siasa, jamhuri, mahakama, habari na jasusi, na sauti th, dh na gh hazimpi shida. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya zile za Kilatini. Nchini Omani wako watu wengi wanaoongea Kiswahili, hasa wenye asili ya Zanzibar, ingawa hati rasmi za nchi hiyo ni za Kiarabu.

Lakini akiba hiyo ina mitego, kwa sababu maneno mengi yalibadilika maana yalipoingia katika Kiswahili au baadaye katika Kiarabu cha kisasa:

- Taifa: kwa Kiarabu ta'ifa ni kundi la dini au madhehebu. Umoja wa Mataifa ni al-Umam al-Muttahida, kutoka umma. Nchini Lebanoni, ambako rais huwa Mmaroni, waziri mkuu Msuni na spika Mshia, kusema ta'ifa kwa kukusudia taifa zima ni kugusa jambo jingine kabisa.
- Hukumu: kwa Kiarabu hukuma ni serikali. Neno serikali lenyewe limetoka Kiajemi.
- Mkataba: kwa Kiarabu maktab ni ofisi na mukataba ni kuandikiana barua. Mkataba wa nchi na nchi ni mu'ahada au ittifaqiya.
- Taarifa: kwa Kiarabu ta'rif ni maelezo ya maana ya kitu, na ta'rifa ni orodha ya bei au ushuru. Taarifa rasmi ya serikali ni bayan.
- Sahihi: kwa Kiarabu sahih ni kitu kisicho na kosa tu. Sahihi ya mkono ni tawqi'.
- Hotuba: khutba ni hasa ile ya msikitini. Hotuba ya kisiasa ni khitab au kalima.
- Karamu: karam ni ukarimu. Karamu ya chakula ni ma'duba au walima.
- Balozi: neno hili lilifika pwani kupitia Kituruki, likitokana na cheo cha mjumbe wa Venisi. Kwa Kiarabu cha leo balozi ni safir.

Mtego mkubwa zaidi ni siku na saa. Kiswahili huhesabu siku kuanzia Jumamosi, lakini Kiarabu huanzia Jumapili (al-ahad, "ya kwanza"). Kwa hiyo al-ithnayn, "ya pili", ni Jumatatu, si Jumapili. Ath-thulatha', "ya tatu", ni Jumanne, si Jumatatu. Al-arbi'a', "ya nne", ni Jumatano, si Jumanne. Alhamisi na Ijumaa pekee zinalingana. Vilevile as-sa'a as-sabi'a, "saa ya saba", asubuhi ni saa moja kwa Kiswahili, si saa saba mchana. Anayetafsiri tarakimu badala ya maana atafika kwenye mkutano siku nyingine, au saa sita baada ya kuanza.

Nchini Tanzania wanadiplomasia wengi wamepitia Chuo cha Diplomasia kilichopo Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji. Leo kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyeteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22.

Gharama za kutojua

Mafunzo ya miaka miwili ni ghali, na wizara nyingi huona ni rahisi kuajiri mkalimani. Mkalimani hahitajiki tu kwa anayeanza. Hata mjuzi humtumia katika mazungumzo mazito ili apate muda wa kufikiri na asijifunge kwa kosa la ulimi. Ila mkalimani yupo mkutanoni tu. Hayupo mlangoni, kwenye teksi, msibani wala harusini, ambako mwanadiplomasia husikia watu wanavyofikiri.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni ule wa Iraki. Mwezi Desemba 2006 tume iliyoongozwa na James Baker na Lee Hamilton iliripoti kwamba ubalozi wa Marekani mjini Baghdad, wenye watumishi 1,000, ulikuwa na wasemaji wa Kiarabu 33 tu, na kati yao ni 6 tu waliokiongea kwa ufasaha. Hayo yalikuwa zaidi ya miaka mitatu baada ya nchi hiyo kuvamiwa. Tume ilipendekeza mafunzo ya lugha na utamaduni yapewe kipaumbele cha juu.

Kwa upande mwingine, wajuzi wenyewe wamelaumiwa. Wizarani kwao wameshutumiwa mara kwa mara kwamba, kwa kukaa muda mrefu na Waarabu, huanza kutetea hoja za wenyeji kuliko za serikali zao. Katika nchi za Kiarabu, kama ilivyotokea Shemlan, mgeni anayeongea lugha vizuri mno huweza kushukiwa ujasusi. Wanaotetea mafunzo hujibu kwamba kuielewa hoja si kuikubali, na kwamba serikali isiyo na mtu wa kuielewa hubaki kutegemea wale wachache wanaojua lugha yake, yaani kurudi katika hali ya mabalozi wa zamani na dragomani wao.